Jamaa ya Cadbury na kakao ya watumwa: walijua kwa miaka minane, na waliendelea kununua

Mwaka 1901, mfanyabiashara wa Uingereza aitwaye William Cadbury alipata karatasi iliyotangaza kwamba shamba kubwa la kakao linauzwa katika kisiwa cha São Tomé, koloni la Ureno kwenye pwani ya magharibi ya Afrika. Karatasi hiyo ilitaja mali yote ambayo mnunuzi angepata pamoja na shamba. Katika orodha ya mali kulikuwa na wafanyakazi weusi 200, waliowekewa bei kama vitu vingine.

Wakati huo kampuni ya jamaa yake, Cadbury, ilikuwa inanunua karibu nusu ya kakao yake katika kisiwa hicho. Ilisimamisha ununuzi mwezi wa tatu mwaka 1909. Kati ya karatasi ile na uamuzi huo ilipita miaka minane.

Kwa msomaji wa Kasongo, Kabambare au Wamaza, habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Watu waliovuna kakao ya São Tomé walikamatwa ndani ya bara, na baadhi yao walitoka katika ardhi ya Kongo. Swali ambalo jamaa ya Cadbury iliulizwa mahakamani ndilo wanunuzi wa madini na mazao ya Kongo wanaulizwa hata leo: ukishajua mali imetoka wapi, unangoja nini?

Duka la chai na kahawa

Historia ya kampuni hiyo inaanza mwaka 1824, katika mji wa Birmingham, katikati mwa Uingereza. John Cadbury alifungua duka dogo kwenye barabara ya Bull. Aliuza chai, kahawa na kakao ya kunywa, ambayo aliisaga mwenyewe kwa kinu cha mkono. Mwaka 1831 alianza kuitengeneza katika kiwanda.

John alikuwa muumini wa Kanisa la Marafiki, ambao wanaitwa pia Waquaker. Kanisa hilo lina waumini hata Kivu ya Kusini. Katika Uingereza ya wakati ule Waquaker walikuwa wamefungiwa milango mingi. Hawakuweza kupata shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na kwa sababu ya imani yao ya amani walikataa kazi ya jeshi. Jamaa nyingi zikaingia katika biashara. Fry wa Bristol na Rowntree wa York, ambao nao walijulikana kwa chokoleti, walikuwa wa kanisa hilohilo. Kwao kakao ilikuwa kinywaji kizuri ambacho kingewatoa maskini kwenye pombe.

Mwaka 1861 John aliwaachia kazi wanawe wawili, Richard na George. Biashara ilikuwa imeshuka, na vijana hao waliweka ndani yake urithi walioachiwa na mama yao. Mambo yalibadilika mwaka 1866, walipoanza kutumia mashini ya Uholanzi iliyokamua mafuta kutoka kwenye kakao na kuacha unga safi. Kabla ya hapo watengenezaji wengi, nao pia, walichanganya kakao na unga wa viazi na vitu vingine ili iweze kunyweka. Sasa Cadbury waliweza kutangaza kwamba unga wao hauna mchanganyiko, na wateja wakaongezeka.

Mwaka 1879 walihamisha kiwanda nje ya mji, mahali walipopaita Bournville. George alinunua ardhi kuzunguka kiwanda na kujenga kijiji chenye nyumba zenye bustani, na mwaka 1900 alikikabidhi kwa mfuko wa jamii. Hapakuwa na baa. Wafanyakazi walipata viwanja vya michezo, matibabu na baadaye pensheni. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi kuona jinsi tajiri anavyoweza kuwatunza watu wake. Mwaka 1905 kampuni ilitoa chokoleti ya maziwa iitwayo Dairy Milk, ambayo inauzwa mpaka leo.

Kwa watu wa Birmingham, jina la Cadbury lilikuwa na maana ya tajiri mwenye dhamiri. Lakini kakao haioti Birmingham.

Njia mbili kutoka ndani ya bara

Wazee wa Maniema ya kusini wanaijua vizuri njia ya mashariki. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika Nyangwe na Kasongo, kando ya Lualaba, ikapita Kabambare kuelekea Ujiji, Tabora na Bagamoyo, mpaka Zanzibar. Ilibeba pembe za ndovu na watu. Mwezi wa saba mwaka 1871, Mwingereza David Livingstone alishuhudia mauaji ya watu wengi, hasa wanawake, katika soko la Nyangwe. Kasongo ilikuwa ngome ya Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, mpaka majeshi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, yalipoichukua mwaka 1893. Kiswahili kinachosemwa Kasongo leo kilikuja na misafara hiyo.

Njia ya pili ilikwenda magharibi, na haizungumzwi sana. Wafanyabiashara Waovimbundu wa Bihé, katika nyanda za juu za Angola, waliingia mbali ndani ya bara, mpaka nchi za Walunda na Waluba. Walileta bunduki, baruti na vitambaa, wakarudi na mpira, nta na watu. Biashara hiyo iliendelea hata baada ya njia ya Zanzibar kuvunjwa.

Hapo ndipo historia ya São Tomé inapokutana na ya Maniema. Mwaka 1893 maofisa wa Leopold walimuua Gongo Lutete, mkubwa wa vita aliyekuwa amewaacha Waarabu na kujiunga nao. Miaka miwili baadaye, mwezi wa saba mwaka 1895, askari waliokuwa watu wake waliasi huko Luluabourg, mji unaoitwa Kananga leo. Uasi huo unajulikana kama uasi wa Batetela. Mabaki yao walijificha kusini kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1908. Ili kupata bunduki na baruti, waliwauzia mateka wao wafanyabiashara kutoka Angola.

Mateka waliofika pwani ya Benguela walipitishwa mbele ya ofisa wa Ureno. Kisheria Ureno ilikuwa imefuta utumwa tangu miaka ya 1870, kwa hiyo walihitaji karatasi. Mtu aliulizwa kwa lugha asiyoijua kama anakubali kufanya kazi São Tomé kwa miaka mitano. Jibu lolote alilotoa liliandikwa kuwa ndiyo. Kisha alivishwa kibati chenye namba, akaingizwa melini. Katika vitabu vya serikali aliitwa mtumishi mwenye mkataba. Miaka mitano ilipokwisha, mkataba uliandikwa upya bila yeye kuulizwa. Katika miaka hiyo yote karibu hakuna aliyerudishwa Angola.

Miaka minane

William Cadbury, mwana wa Richard, alisikia habari hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1901 akiwa safarini Trinidad. Aliporudi alikutana na karatasi ya shamba lenye watu 200. Hakunyamaza. Alipeleka jambo hilo mbele ya wakurugenzi wenzake, ambao walikuwa watu wa jamaa yake, nao wakakubali kwamba lazima uchunguzi ufanywe.

Mwaka 1903 alikwenda Lisbon. Wakubwa wa Ureno na wenye mashamba walimwambia kwamba sheria mpya ya kazi imetungwa mwaka huohuo na itaondoa maovu yote, na kwamba kama haamini, atume mtu akaone. Kampuni ilimchagua Joseph Burtt, Mquaker kama wao. Kwanza alikaa Ureno kujifunza lugha, na alisafiri kwenda São Tomé katikati ya mwaka 1905. Baadaye alivuka kwenda Angola, kisha Msumbiji na Transvaal. Alirudi Uingereza mwaka 1907.

Wakati Burtt bado anajifunza Kireno, mwandishi wa habari Henry Nevinson alikuwa amekwisha kufanya safari hiyo. Aliifuata njia ya watumwa mpaka ndani ya Angola. Aliona pingu za miti zimetundikwa au kutupwa kando ya njia, na mifupa ya watu walioshindwa kutembea. Makala yake yalianza kutoka Marekani mwaka 1905, na mwaka uliofuata yakawa kitabu. Burtt aliporudi, ripoti yake ilisema jambo lilelile: watu hawa wamechukuliwa kwa nguvu, hawana uhuru wa kurudi kwao, na wengi wanakufa.

Ripoti hiyo nayo haikutangazwa mara moja. Wizara ya mambo ya nje ya Uingereza iliomba irekebishwe na kwamba Ureno ipewe muda. Serikali hiyo ilikuwa na sababu zake. Migodi ya dhahabu ya Transvaal ilitegemea wafanyakazi kutoka Msumbiji, koloni lingine la Ureno, na London haikutaka ugomvi. Cadbury walikubali kungoja. Hoja yao ilikuwa kwamba mnunuzi mkubwa anasikilizwa na wenye mashamba, na akiondoka anapoteza sauti.

Katika miaka hiyohiyo William alikuwa anasaidia kwa pesa zake kazi ya Edmund Morel, aliyeanzisha mwaka 1904 chama cha kupinga ukatili wa Leopold katika Kongo. Kwa hiyo mtu yule mmoja alilipia vita dhidi ya mpira wa damu wa Kongo, huku kampuni yake ikiendelea kupokea magunia ya kakao iliyovunwa na watumwa, baadhi yao wakiwa wametoka Kongo hiyohiyo.

Robo ya peni

Mwezi wa tisa mwaka 1908, gazeti la Standard la London lilishambulia kampuni hiyo waziwazi. Lilisema kwamba jamaa inayojisifu kwa wema wake Bournville inajitajirisha kwa jasho la watumwa, na imefumba macho. Siasa ilikuwamo pia. George Cadbury alikuwa mwenye gazeti la Daily News, ambalo lilikuwa limepiga kelele nyingi juu ya hali ya vibarua Wachina katika migodi ya Afrika Kusini, na Standard lilikuwa upande wa pili.

Cadbury walilishitaki gazeti hilo kwa kuwachafulia jina. Kabla kesi haijasikilizwa, William alikwenda mwenyewe São Tomé na Angola pamoja na Burtt. Aliporudi, mwezi wa tatu mwaka 1909, Cadbury, Fry na Rowntree walitangaza kwamba hawatanunua tena kakao ya visiwa vile. Stollwerck wa Ujerumani aliungana nao.

Kesi ilifanyika Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, hakupoteza muda kubishana kama São Tomé kulikuwa na utumwa, kwa sababu pande zote mbili zilikubali. Alimhoji William siku kwa siku juu ya tarehe: alijua nini mwaka 1901, alinunua kakao kiasi gani mwaka 1902, na miaka iliyofuata. Mwishoni alimuuliza kama amewahi kukadiria ni watumwa wangapi waliokufa wakitayarisha kakao yake katika miaka ile minane. William alijibu hapana.

Baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba gazeti lilikosea, kwa hiyo Cadbury walishinda. Lakini fidia waliyopewa ilikuwa farthing moja, yaani robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote Uingereza. Kila aliyesoma hukumu alielewa maana yake.

Watu wa São Tomé hawakuwa huru kesho yake. Wanunuzi wengine, hasa wa Marekani, waliendelea kununua kakao ileile. Baadhi ya wafanyakazi walianza kurudishwa makwao katika miaka iliyofuata, lakini kazi za kulazimishwa katika makoloni ya Ureno ziliendelea kwa miongo mingi.

Mwenye mti anaweza kukataa bei

Kampuni ilihitaji kakao ya mahali pengine, na ilikuwa imeanza kuitafuta kabla ya kususa ile ya São Tomé. Iligeukia Pwani ya Dhahabu, koloni la Uingereza ambalo leo ni nchi ya Ghana. Huko kakao haikuwa ya matajiri wenye mashamba makubwa. Inaelezwa kwamba fundi mmoja, Tetteh Quarshie, alileta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 na kuzipanda Mampong. Wakulima wakanunua ardhi, wakapanda wao wenyewe, jamaa kwa jamaa. Kufikia mwaka 1911 nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza kakao.

Wakulima wa Ghana hawakuwa na maisha rahisi. Mwaka 1937 makampuni makubwa ya Ulaya, Cadbury na Fry wakiwamo, yalipatana juu ya namna ya kununua ili yasishindane kwa bei. Wakulima walipogundua, walikataa kuuza. Walifungia kakao yao kwa miezi kadhaa, na wakasusa pia bidhaa za maduka ya Wazungu, mpaka serikali ya Uingereza ikatuma tume ya uchunguzi mwaka 1938. Tume hiyo ilipendekeza utaratibu ule wa makampuni uondolewe.

Jambo hilo lisingewezekana São Tomé. Aliyevalishwa kibati hakuwa na kakao ya kufungia. Yeye mwenyewe aliandikwa katika orodha ya mali ya shamba.

Kampuni yatoka mikononi mwa jamaa

Cadbury waliungana na Fry mwaka 1919. Mwaka 1969 kampuni iliungana na Schweppes, watengenezaji wa vinywaji, na hisa za jamaa zikaendelea kupungua, ingawa watu wa ukoo huo walibaki katika uongozi mpaka mwaka 2000. Mwaka 2010 kampuni ya Kraft ya Marekani iliinunua Cadbury kwa zaidi ya pauni bilioni 11. Leo iko chini ya kampuni iitwayo Mondelēz. Jina la Cadbury limebaki kwenye karatasi ya kufungia chokoleti.

Kutoka Bournville mpaka Wamaza

Mashariki mwa Kongo, kakao imekuwa zao kubwa huko Beni na sehemu za Ituri. Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga. Lakini vikundi vyenye silaha vimeua na kufukuza wakulima wengi katika eneo hilo, na kakao iliyoachwa shambani imevunwa na kuuzwa na wengine. Bei ya dunia ilipopita dola 12,000 kwa tani mwishoni mwa mwaka 2024, gunia la kakao lilizidi kuwa kitu cha kuvizia.

Maniema ya kusini inajulikana zaidi kwa mchele, karanga, mawese na madini. Na ni kwa njia ya madini kwamba watu wake wamekutana na swali la dhamiri ya mnunuzi. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayodai makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani, na kama yanafaidisha wenye silaha. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu mwaka 2011. Wachimbaji wa mikono walikaa bila kazi, na soko za vijijini zililala. Baadaye ulikuja utaratibu wa kuweka alama kwenye mifuko ili ijulikane imetoka shimo gani.

Ukilinganisha habari hizo mbili, unaona upungufu uleule. Cadbury walipongoja miaka minane, aliyelipa ni mvunaji wa São Tomé. Wanunuzi wa madini walipoondoka ghafula, aliyelipa ni mchimbaji wa Maniema. Katika kesi zote mbili uamuzi ulifanywa mbali, na mtu wa chini hakuulizwa.

Wakulima wa Ghana waliweza kujibu kwa sababu mti ulikuwa wao na ardhi ilikuwa yao. Kwa Kongo, jambo hilo bado lina utata. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, wakati vijijini watu wanaendelea kulima kwa haki ya mila, chini ya chifu, mara nyingi bila karatasi yoyote. Mti wa kakao unahitaji miaka mitatu mpaka mitano kabla ya kuzaa vizuri, na baada ya hapo unaweza kuvunwa kwa miaka zaidi ya ishirini. Mti wa mawese unafanana nao kwa hilo. Jamaa ya Wamaza au Kabambare inayoombwa leo kupanda zao la namna hiyo ina sababu ya kuuliza mapema, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, ardhi hiyo itaandikwa kwa jina la nani siku mti utakapoanza kuzaa.